Bonde hufungwa kwenye ramani kwanza

Kazi yangu ni kuchora ramani za misitu ya umma magharibi mwa Marekani, hasa zile za majira ya baridi zinazoonyesha pikipiki za theluji (mashine zenye skii mbele na mkanda unaozunguka nyuma) zinaruhusiwa wapi. Kila msimu waendeshaji huniuliza: bonde walilopita baba zetu bila kuulizwa na mtu, nani kalifunga? Wengi hudhani Bunge limepiga kura. Mara nyingi halijapiga.

Sheria ya mwaka 1964 ya kulinda mapori ya asili inapiga marufuku injini ndani yake, na ni Bunge pekee linaloweza kutangaza pori la aina hiyo. Idara ya Misitu ya serikali kuu inapendekeza tu. Lakini hasa Montana na kaskazini mwa Idaho, eneo likishapendekezwa, mara nyingi husimamiwa kana kwamba limeshatangazwa, na pikipiki zinapigwa marufuku. Pendekezo linaweza kulala miongo kadhaa, njia ikiwa imefungwa muda wote huo. Katika Msitu wa Taifa wa Bitterroot, mpango wa usafiri wa 2016, yaani unaosema magari gani yapite wapi, ulizuia pikipiki za theluji Sapphire na Blue Joint, maeneo ambayo Bunge liliagiza yachunguzwe mwaka 1977 na lilikuwa bado halijaamua hatima yake.

Jambo la pili halisemwi sana, nalo ndilo zito zaidi. Zamani msitu ulikuwa wazi mpaka ukute kibao cha kukuzuia. Kanuni ya Idara ya Misitu ya 2005 iligeuza hilo kwa magari ya kiangazi, ikaacha pikipiki za theluji kwa hiari ya kila msitu. Watetezi wa michezo ya theluji isiyo na injini walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 mahakama ya shirikisho huko Idaho ikawapa haki. Kanuni mpya ikatoka Januari 2015: kila msitu wenye theluji ya kutosha uchague maeneo na kuyachora. Ramani ikishatoka, pasipochorwa hapapitiki.

Siwezi kusema walioshtaki hawakuwa na hoja. Pikipiki za zamani zilibaki kwenye njia zilizoshindiliwa. Za leo zina mkanda mrefu wenye meno ya mpira ya hadi inchi 3, zinapanda miteremko iliyokuwa ya watu wa skii peke yao. Huko huko juu ndiko wolverini, ndugu wa nyegere, huchimba pango ndani ya theluji nzito na kuzaa, kati ya Februari na Mei. Mwaka 2023 aliwekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Hilo nalichukulia kwa uzito wote. Ninachokataa ni kufunga safu nzima ya milima msimu wote, wakati tatizo liko kwenye mabonde machache na kwa miezi michache.

Tena mpaka wenyewe huchorwa vibaya. Mpaka mzuri hufuata kilele cha safu, kijito au barabara, kitu ambacho mtu mwenye helmeti, theluji ikimpiga usoni, anaweza kukitambua. Mpaka mbaya hufuata mwinuko, tuseme mita 2,100, ukikata katikati ya msitu wa misonobari ambamo kila mti unafanana na mwenzake. Mwendeshaji anavuka bila kujua. Alama za mkanda zinaonekana kutoka kwenye ndege, zinaandikwa kuwa uvunjaji wa sheria, na mpango unaofuata unafunga zaidi. Nimebishana sana mezani juu ya mistari ya namna hii, na nitaendelea.

Kwa hiyo klabu zinaponiomba ushauri, nasema hivi: barua ya "tumepita hapa tangu utoto" haimsaidii afisa anayeandaa mpango wa msitu. Taja bonde kwa jina, mteremko unaelekea wapi, mnapita mwezi gani, mnageuzia wapi, na theluji huwa na kina gani. Ambatisha njia zenu za GPS. Kama kuna sehemu mko tayari kuiachia wolverini, ioneshe na tarehe zake. Na iandikeni mapema, kwa sababu kwa kawaida mwenye haki ya kuweka pingamizi ni yule aliyetoa maoni yake awali. Rasimu ya uamuzi ikishatangazwa, dirisha la pingamizi kwa mpango wa usafiri hukaa wazi siku 45 tu.