Piga Picha ya Diski Nzima Kabla Haijafa

Mwalimu mmoja alitoka Arua na kompyuta yake ya mkononi akaileta kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hapa Kampala. Diski ilikuwa inagonga tu ndani, tik, tik, na Windows haiwaki. Alama za wanafunzi zilikuwa salama kwenye flashi. Lakini programu zote alizisakinisha upya moja baada ya nyingine, na barua pepe za miaka 6, zilizokuwa kwenye folda ambayo hakujua hata kama ipo, hazikupatikana tena. Iliniuma, kwa sababu alikuwa mtu makini aliyefanya alichoambiwa: nakili mafaili yako.

Ukinakili mafaili unabeba kile unachokikumbuka. Taswira ya diski, yaani picha ya diski nzima, inabeba na ulichokisahau: Windows yenyewe, programu, mipangilio, hata ile sehemu ndogo iliyofichika ambayo kompyuta huitegemea ili iwake. Kuburuta kila kitu cha diski C na kukiweka kwenye diski ya nje hakuleti matokeo hayo. Kompyuta haitawaka kwa nakala ya namna hiyo. Ukiwa na taswira, diski ikifa unanunua nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi, unairudishia taswira, kisha unaendelea pale ulipokuwa siku ulipoipiga. Programu nyingi za kazi hii huruka nafasi tupu, kwa hiyo diski ya GB 500 iliyojaa GB 120 tu haihitaji GB 500 za hifadhi.

Mimi hupendekeza Clonezilla. Ni ya bure, na inaendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuwasha Windows. Sura yake ni ya maandishi matupu na huwatia watu hofu, lakini pa kuogopa ni mahali pamoja tu: panapouliza diski ipi inasomwa na ipi inaandikwa wakati wa kurudisha. Soma mara mbili, angalia ukubwa wa kila diski, kwa sababu ukizibadilisha utakifuta kile ulichotaka kukiokoa. Windows nayo ina chombo chake kilichobaki tangu enzi za Windows 7, ila Microsoft imeacha kukiendeleza, na kinataka diski ya nje iwe ya NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski.

Usianze kazi hii Yaka, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, ikiwa imekaribia kuisha. GB 120 kupitia tundu la USB 2.0 huchukua karibu saa nzima, na umeme ukikatika katikati, taswira huharibika. Kompyuta ya mkononi iwe na betri iliyojaa. Ya mezani iwe na UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Huku ukanda wa Ziwa Victoria, kwenye radi nyingi, mawingu yakitanda ahirisha.

Ukimaliza, chomoa diski ya nje. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hufunga pia kila diski vinavyoikuta imechomekwa, na radi ikiingia kupitia waya huunguza kompyuta na diski pamoja.

Halafu jaribu. Watu wengi hupuuza hatua hii, nami siwezi kuisisitiza vya kutosha. Clonezilla ina sehemu ya kukagua kama taswira inasomeka. Itumie kila mara. Ukipata diski nyingine ya akiba, irudishie taswira uone kama kompyuta inawaka. Usijaribie kwenye diski yako ya pekee. Kama umefunga diski kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoifanya diski isisomeke bila ufunguo, andika ufunguo wa kurejesha kwenye karatasi, uuweke mbali na kompyuta.

Taswira moja kila miezi 3 inatosha nyumba nyingi, na mafaili ya kazi uyanakili kila wiki. Ipo sababu ya kuipiga sasa hivi: Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wanahamia Windows 11. Piga taswira kabla ya kuhama.

Kupandisha taswira nzima mtandaoni kwa bando la simu ni gharama kubwa. Ni nafuu kununua diski ya pili ukaiweka kwa ndugu, tuseme Mukono au Jinja, ikiwa imefungwa kwa nywila, maana humo ndani mna picha ya kitambulisho chako na hesabu zako zote. Bandika karatasi yenye tarehe juu yake, na ukienda kumsalimia, nenda na diski yenye taswira mpya, urudi na ya zamani.