Kifaa hakioni kona: kwa nini sauti ya abiria bado inahitajika ndani ya basi

Basi lilikuwa kwenye kilomita 78 kwa saa, ndani ya sheria. Nilikaa siti ya pili nyuma ya dereva. Tulikuwa tumeshapita Mikumi tunaelekea Ruaha Mbuyuni, na mbele yetu semitrela yenye shehena ilikuwa inajikokota kwa kilomita 60 hivi. Barabara ilikuwa inapanda, na macho yakifika kileleni huoni tena inakoendelea. Dereva akatoka upande wake, akaanza kuipita. Kifaa cha kufuatilia mwendo kilikaa kimya, maana kwa hesabu zake hakuna kosa lililotendeka.

Mama aliyekaa ng'ambo ya njia akasema kwa sauti iliyofika hadi siti za nyuma: "Baba dereva, huko mbele unaona nini? Rudi, tuna watoto humu!" Mzee mmoja akadakia. Zikafuata sauti nyingine tano, sita. Dereva akakanyaga breki, akarudi nyuma ya semitrela. Hazikupita sekunde nyingi, lori la mafuta likachomoza kileleni likija upande wetu.

Kazi yangu ni kutafiti na kufundisha usalama barabarani, na hesabu ya pale naijua vizuri. Ili basi la mita 12 liipite semitrela ya mita 18, na kuacha nafasi ya mita 20 kabla na mita 20 baada, linapaswa kulizidi gari lile kwa mita 70. Likiwa kwenye 80 na semitrela kwenye 60, linaizidi kwa mita tano na nusu tu kila sekunde. Hiyo ni takriban sekunde 13 za kuwa upande usio wako. Ndani ya muda huo basi limekwenda mita 280, na gari linalokuja kwa mwendo kama huo nalo limekwenda mita 280. Dereva anahitaji kuona zaidi ya nusu kilomita ya barabara tupu. Pale kilimani hakuwa anaona hata mita 200.

Sisemi kifaa kile hakina maana. Mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari, ambao wengi wanaujua kwa herufi zake VTS na ambao kwa Tanzania unasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), umebadilisha mambo mengi kwenye mabasi ya mikoani. Ndani yake mna kipokezi kinachosikiliza mawimbi ya setilaiti. Kikizipata nne au zaidi kinajua basi liko wapi na linakwenda kasi gani. Kisha laini ya simu iliyomo ndani inatuma taarifa hizo kwenye seva kupitia minara ile ile unayotumia wewe kupiga simu. Mahali pasipo na mtandao, taarifa zinahifadhiwa na kutumwa ukirudi. Zamani dereva alikimbia hadi mwenzake anayekuja amwashie taa kumjulisha kuwa mbele kuna tochi ya askari ya kupima mwendo. Akipita askari, anakanyaga tena. Setilaiti haimwashii mtu taa.

Lakini kinachopimwa ni mwendo na mahali. Kifaa hakioni kona, hakioni kilele cha mlima, hakijui kama dereva anasinzia au anasoma ujumbe kwenye simu. Sheria ya Tanzania inaweka kilomita 80 kwa saa kuwa ukomo wa magari ya abiria, na 50 kwenye maeneo ya makazi. Ukishuka mlima Kitonga kwa 70, kifaa kinachongoja 80 hakitalia, na wewe uko kwenye hatari kubwa kuliko aliye kwenye 85 katika uwanda ulionyooka. Aliye ndani ya basi ndiye anayeiona tofauti hiyo.

Je, sauti ya abiria inapunguza ajali kweli, au ni bahati tu ya siku ile? Swali hili limepimwa, tena karibu na sisi. Nchini Kenya, watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walichukua matatu, yaani mabasi madogo ya abiria, zaidi ya 1,000 za safari ndefu. Zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilibandikwa stika ndani, zikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Ili stika zisibanduliwe, madereva waliokutwa nazo waliingia kwenye bahati nasibu ya kila wiki yenye zawadi ya fedha. Watafiti hawakugusa injini wala barabara.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Madai ya bima yalishuka kwa kati ya nusu na theluthi mbili yakilinganishwa na ya matatu zisizo na stika, na yale ya ajali zenye majeruhi au vifo yalipungua kwa angalau nusu. Jaribio likapanuliwa hadi magari karibu 12,000, na matokeo ya mwaka 2015 yakaonyesha madai yamepungua kwa kati ya robo na theluthi. Ni pungufu ya mwanzo, lakini katika fani yetu hatua chache sana za gharama ndogo namna hii huleta matunda kiasi hicho. Na stika zilizofanya kazi vizuri zaidi ni zile zilizowaambia abiria wapaze sauti pamoja.

Hilo la "pamoja" ndilo nililoliona kwenye basi letu. Mama yule angebaki peke yake, huenda konda angemwambia akodi teksi yake. Mzee alipodakia, suala likawa la basi zima. Tuliposimama kula Ruaha Mbuyuni nilimfuata dereva, nikamsalimu, tukazungumza kwa amani. Aliniambia sauti aliyoizoea ni ya vijana wa siti za nyuma: "Suka, kanyaga tuwahi!" Nilimwelewa. Abiria wanaonyamaza wanamwachia anayepiga kelele awasemee.

Nawaomba wanaotaka "kuwahi" watazame hesabu hii. Katika kilomita 100, kutoka mwendo wa 80 hadi 100 kunakuokolea robo saa, tena kama hakuna kijiji wala lori njiani. Sasa chukua lami kavu, breki nzima, na dereva anayechukua sekunde moja na nusu kushtuka. Basi lililo kwenye 80 linasimama kwa takriban mita 83. Lile lililo kwenye 100, likifika mita hiyo ya 83, bado liko kwenye kilomita 68 kwa saa. Mwenzake ameshasimama, lenyewe ndiyo kwanza linagonga.

Usiku ni zaidi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, jambo hili linaninyima raha. Dereva akidimisha taa kumpisha mwenzake, anaona vizuri kama mita 50 mbele. Akiwa kwenye 80 anahitaji mita 83 kusimama. Lori lililoharibika barabarani, likiwa na matawi matatu ya majani badala ya viakisi, atalikuta akiwa bado anakanyaga breki.

Na simu. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto, Kanada, waliwachunguza madereva 699 wenye simu waliopata ajali, wakakuta kuzungumza na simu kunaongeza hatari ya kugonga takriban mara nne. Kuzungumza bila kuishika mkononi hakukuonekana kuwa salama zaidi, kwa hiyo dereva mwenye hedifoni masikioni naye aambiwe. Kinachochukuliwa na simu ni akili kabla ya mkono.

Ukiamua kusema, taja kitu kinachoonekana: "Dereva, hapa ni kona, usiipite." Mgeukie jirani yako naye aseme. Usiende kusimama pembeni ya dereva kubishana naye gari likiwa linakwenda.

Asipokusikia, piga simu kwa namba zilizobandikwa ndani ya basi au 112 ya polisi, na hapa ndipo kifaa na abiria wanaposaidiana. Taarifa ya kwamba "basi moja linakimbia sana" haifanyiwi kazi. Sema namba ya usajili, saa kamili na mahali: saa 5:40 asubuhi, tumepita mizani ya Mikese, tunaelekea Morogoro. Seva imeandika mahali basi lilipokuwa njiani, na mwenye mamlaka ya kuifungua anaweza kuangalia muda ule ule uliotaja na kuona lilikuwa wapi na kwa mwendo gani. Namba ya usajili iangalie kabla hujapanda, uiandike nyuma ya tiketi, na tiketi usiitupe hadi ufike.