Je, wajua kwa nini Karajan alishindwa kumpa Sabine Meyer kiti Berlin?

Stori hii huwa inasimuliwa hivi: Herbert von Karajan, bosi wa okestra ya Berlin Philharmonic, aliajiri mwanamke wa kwanza, mpuliza klarineti, wanaume wakagoma, dada wa watu akafukuzwa. Tamu, ila imepinda karibu kila mahali. Sabine Meyer hakufukuzwa. Wala hakuwa wa kwanza, maana mwaka huohuo wa 1982 mpiga fidla Madeleine Carruzzo alishapita usaili na kuingia. Na kubwa kuliko yote, Karajan hakuwa na ubavu wa kuajiri mtu peke yake, japo alikuwa amepewa cheo cha kuiongoza okestra ile maisha yake yote.

Okestra ile ilianzishwa 1882 na wanamuziki waliojitoa kwenye bendi ya Benjamin Bilse, hawataki tena kuburuzwa, na wenzao wanawachagua wenyewe kwa kura. Chukulia saccos: mwenyekiti anaweza kukuleta, akakusifia kikaoni, hata ukaanza kukaa nao, lakini uanachama wanautoa wanachama baada ya kukuchunguza kwanza, sasa mwenyekiti akilazimisha hata waliokukubali wananuna, kwa sababu hoja sio wewe tena, hoja ni chama ni cha nani. Ndo yaliyomkuta Meyer. Alipewa kipindi cha majaribio wenzake hawajaridhia, kura zikaja 73 za kumkataa dhidi ya 4, na 1983 akaondoka mwenyewe baada ya miezi kama tisa.

Sababu waliyotoa ni kwamba sauti yake haichanganyiki na ya wenzake. Inawezekana kweli, klarineti inalia kwa kijipande cha tete kinachotetemeka mdomoni, ukikaza midomo kidogo tu rangi ya sauti inabadilika. Ila hilo halina kipimo, na Karajan mwenyewe aliamini shida ni jinsia yake. Kupita kwa Carruzzo nako hakuwasafishi sana, fidla wanakaa wengi pamoja, klarineti ya kwanza inasikika peke yake.

Meyer klarineti alifundishwa na baba yake, kaka yake Wolfgang, aliyefariki 2019, naye alikuwa anapuliza, mume wake Reiner Wehle naye anapuliza. 1983 hiyohiyo wakaunda Trio di Clarone, yeye, kaka na mume, kwa hiyo kura za huko zilikuwa tatu tu na zote za nyumbani.