Kabla hujanunua jodari Feri, mpime

Jodari wa mapezi ya njano mwenye urefu wa mita moja, ukipima kutoka ncha ya mdomo hadi panda ya mkia, huwa na kilo 20 hivi, na kwa kimo hicho wengi wao ndipo wanapoanza kutaga. Mwenye sentimita 50 hafikishi kilo 3 na hajataga hata mara moja. Pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, wote wawili huitwa jodari. Ndiyo maana naomba wanunuzi wapime kwanza, bei baadaye.

Rula haihitajiki. Shibiri ya mtu mzima ni sentimita 22 hivi, kwa hiyo shibiri nne na nusu zinakaribia mita. Pungufu ya hapo, mwache.

Mchuuzi anaweza kukuambia huyo mdogo ni sehewa, ndugu mdogo wa jodari. Jina hilo hubeba samaki wawili. Mmoja ana mistari minne hadi sita myeusi inayotembea tumboni kwa urefu. Mwingine tumbo lake halina mistari, ila mgongoni ana michoro ya mshazari iliyopindapinda na madoa machache chini ya pezi la kifua. Mtoto wa jodari ana mistari myeupe ya wima tumboni, mmoja mzima, unaofuata wa nukta nukta. Alama hizo hufifia samaki akikaa, hivyo tazama pia vile vipezi vidogo karibu na mkia: vya jodari ni vya njano, vya sehewa sivyo.

Sehewa mwenyewe ninampendekeza bila kusita, hasa huyo wa mistari. Huanza kutaga akiwa na sentimita 40 hivi, kwa hiyo hustahimili kuvuliwa kuliko ndugu zake. Nyama yake nyekundu inataka ndimu na tangawizi, basi.

Swali la pili: kavuliwa kwa mshipi au kwa jarife, yaani wavu wa kunasia samaki? Wa mshipi huwa na jeraha la ndoano kwenye taya. Wa jarife mara nyingi ana michubuko ya nyuzi nyuma ya kichwa. Mshipi huvua mmoja mmoja. Jarife la kuelea hukesha majini, kasa na pomboo wakinasa wanakosa hewa na kufa. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria, Shelisheli, imepiga marufuku majarife ya kuelea yanayozidi kilomita 2.5 tangu 2022, hata ndani ya maji ya nchi wanachama, na Tanzania ni mwanachama.

Meli kubwa zina kasoro nyingine. Hutupa maboya yanayoelea, sehewa hujikusanya chini yake pamoja na watoto wa jodari, kisha wavu wa kuzungushia huwazoa wote. Mwaka 2015 jodari wa mapezi ya njano alitajwa kuwa amevuliwa kupita kiasi. Tathmini ya 2024 ikaonyesha ametoka katika hali hiyo. Amepata nafuu, na nafuu hiyo inaweza kupotea.

Kwenye kopo, soma jina la kisayansi. Katsuwonus pelamis ni sehewa wa mistari, Thunnus albacares ni jodari wa mapezi ya njano. Maneno “pole and line” maana yake kavuliwa kwa fimbo na ndoano, kama wavuvi wa Maldivi wanavyofanya. Nembo ya pomboo, inayodai pomboo hawakudhurika, haikuambii kama samaki wenyewe wamebaki wengi. Ilianzia Pasifiki ya mashariki, ambako nyavu zilikuwa zikizungushiwa makundi ya pomboo.

Mwisho, barafu. Kwa joto la Dar, kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu, tangu ndani ya boti. Jodari akikaa juani hutengeneza histamini, sumu isiyoondoka kwa kupikwa wala kukaangwa: uso huwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Nyama ikikuchoma ulimi kama pilipili, iteme. Samaki huyo atatupwa, na mvuvi atarudi baharini kumtafuta mwingine wa kuziba nafasi yake.