L2 kuwa na kasi haimaanishi imegatuliwa

Jamani hii mada ya L2 tuiongelee kidogo, maana kila siku nakutana na mtu anasema "L2 fulani imegatuliwa sana (yaani haiko mikononi mwa mtu au timu moja), we angalia tu inavyopitisha miamala". Hapana. Hivyo ni vitu viwili na vinachanganywa mno.

L2 (Layer 2, yaani tabaka la pili) ni mtandao uliojengwa juu ya blokucheni nyingine (daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi), mara nyingi Ethereum, ambao unashughulikia miamala huko juu halafu unarudisha chini data iliyobanwa. Basi.

Kasi inatoka wapi? L2 nyingi ni za aina inayoitwa rolapu, na jina lenyewe linakwambia, maana yake ni kukunja: miamala mamia kwa mamia inakunjwa kuwa furushi moja na gharama ya kulishusha Ethereum wanagawana wote waliomo. Machi 2024 Ethereum ikaongeza blobu, yaani sehemu ya bei rahisi ya kuweka mafurushi hayo, na ada za L2 zikashuka sana. Ila ona, hapo sijasema ni NANI anakunja. Anaitwa sikwensa, ndiye anayepokea miamala na kupanga ipi itangulie, na mitandao mikubwa kama Arbitrum, Optimism na Base imekua yote hiyo ikiwa na sikwensa mmoja mmoja tu. Juni 2024 Linea ilisimamishwa na waendeshaji wake baada ya wizi kwenye programu moja iliyokuwa juu yake. Walikuwa na nia njema, sawa, lakini mtandao mzima ulisimama kwa uamuzi wa timu moja.

Watu wananijibu "lakini inarithi Ethereum". Inarithi usalama, ndiyo, na hilo ni jambo kubwa sana. Kwenye rolapu za optimistiki (zinazochukulia hesabu ni sahihi mpaka mtu apinge) kuna kama siku 7 za kupinga hesabu za uongo kabla pesa haijatoka kurudi Ethereum, aina nyingine, zile za zk, zinaleta uthibitisho wa kihisabati kabisa, na sikwensa akikubania kwenye Arbitrum unaweza kulazimisha muamala wako upite kwa kutumia Ethereum yenyewe, ingawa utasubiri kama saa 24. Kwa hiyo sikwensa kukuibia ni ngumu. Kukuchelewesha anaweza. Na wenye funguo za kubadilisha mkataba wa daraja (programu iliyo Ethereum inayoshikilia pesa za L2) wanaweza kuwa watu wengine tena, hao ndio wa kuwaulizia kwanza kabla hujaweka pesa.

Halafu neno lenyewe, ugatuzi. Linatokana na kugatua, na tumelizoea kwenye mambo ya serikali, mwenye madaraka anayaachia yashuke kwa wengine. Yaani kuna aliyekuwa nayo kwanza! Bitcoin haikugatuliwa hivyo, mtu yeyote aliweza kuchimba, yaani kushiriki kuendesha mtandao kwa kompyuta yake, tangu mwanzo. L2 ndo zinagatuliwa kwelikweli, timu inashika kila kitu halafu inaachia kidogo kidogo, na L2BEAT, tovuti inayofuatilia L2, wanazipanga kwa hatua 0, 1 na 2 kulingana na kiasi kilichoachiwa. Kasi ya miamala haimo kabisa kwenye kipimo hicho.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukitaka kuisifia L2 yako kwa wingi wa miamala sema tu ina uwezo mkubwa, uko sahihi kabisa. Ukisema imegatuliwa, taja iko hatua ya ngapi na funguo anashika nani.