Kelele za viwanda: uliza mpango wa eneo kabla ya kulipa arabuni ya ploti

Malalamiko ya kelele hufika afisi za mipango ya ardhi mitambo ikiwa imeshafungwa na mlalamishi ameshaezeka nyumba. Kufikia hapo hatua zilizobaki ni chache, tena ni za gharama.

Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinaruhusu desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 50 nje ya nyumba za makazi mchana, na 35 kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo wanaosema kelele za mchana hazina sheria wanakosea. Mtambo wenye desibeli 85 ukipimwa mita 10 kutoka ulipo, utasikika kwa 79 ukiwa mita 20 na 73 ukiwa mita 40. Kushuka hadi 50 kunahitaji zaidi ya nusu kilomita ya uwanja mtupu. Ni nani Changamwe, eneo la viwanda la Mombasa, aliye na uwanja huo?

Tafadhali tusidanganyane na safu ya miti ya mivinje. Inaficha kiwanda machoni, masikioni haifichi. Ukuta husaidia ukikatiza njia kati ya mtambo na dirisha lako; wa ghorofa ya tatu anayeuona mtambo juu ya ukuta atausikia vilevile. Ndiyo maana mpangaji wa ardhi huweka maghala, maegesho na afisi upande wa makazi, na mitambo huisukuma mbali.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi autangazie umma mradi wake, nao umma uwasilishe pingamizi. Tangazo hilo lisomeni. Anayeanza ujenzi bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Kaunti ikimpa notisi ya utekelezaji, yaani amri ya kusimamisha au kurekebisha ujenzi huo, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya kaunti, nayo ina siku 30 za kuisikiza na kuiamua. Akiipuuza notisi, adhabu ni hiyo hiyo.

"Mimi ndiye niliyetangulia" haimwondolei mwenye kiwanda kiwango cha desibeli. Wala haimsaidii aliyejenga nyumba kwenye ploti ya viwanda kwa sababu bei yake ilikuwa rahisi.

Kabla ya kulipa arabuni, peleka nambari ya ploti kwa afisa wa mipango wa kaunti, uulize matumizi yaliyoidhinishwa ya ploti hiyo na ya zile zinazopakana nayo pande zote.