Ombwe la uongozi si kiti kitupu

Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume, ya kumkumbuka rais wa kwanza wa Zanzibar, na kijiwe chetu cha kahawa hapa Kaloleni, Arusha, hujaa mapema kwa kuwa ofisi zimefungwa. Safari hii redio ilikuwa inazungumzia viongozi waliouawa, mtangazaji akataja "ombwe la uongozi". Chalii mmoja wa bodaboda akageuka: "Mzee, hilo ombwe ndiyo nini? Si ndiyo kusema hakuna kiongozi?"

Nikamwonyesha chupa ya chai ya mama anayeuza maandazi pale pembeni. Ndani yake kuna kuta mbili, na hewa yote iliyokuwa katikati yake imenyonywa. Ule uwazi usio na kitu ndio ombwe. Ukitokea ufa hata wa kucha, hewa inajisukuma ndani papo hapo, na inayowahi ni ile iliyokuwa imeegemea ufa. Haingoji kuchaguliwa. Mama akadakia kwamba chupa yake ya kwanza ilikufa hivyohivyo: asubuhi chai ya moto, saa nne maji ya bomba.

Katika siasa neno hilo lina maana ileile. Rais akifariki, kiti kinabaki kitupu, lakini kiti kitupu peke yake si ombwe. Katiba ya Tanzania, ibara ya 37(5), inasema Makamu wa Rais ataapishwa kumalizia kipindi kilichobaki. Machi 2021 kifo cha Rais Magufuli kilitangazwa tarehe 17, na tarehe 19 Samia Suluhu Hassan akaapa. Hata Karume mwenyewe, aliyepigwa risasi Kisiwandui jioni ya tarehe 7 Aprili 1972: Baraza la Mapinduzi lilibaki mahali pake, na ndani ya siku chache Aboud Jumbe akashika nafasi. Kulikuwa na kamatakamata na kesi ndefu ya uhaini, sikatai, ila swali la nani anatawala lilikuwa na jibu. Ombwe linakuwapo pale ambapo hakuna anayeweza kulijibu swali hilo na wengine wakamkubali.

Watu wengi hudhani ombwe hutokea lenyewe, kama bahati mbaya inayofuata kifo. Mimi naona mara nyingi hutengenezwa. Tazama Burundi. Melchior Ndadaye alishinda uchaguzi Juni 1993, akaapishwa Julai, na tarehe 21 Oktoba wanajeshi wakamuua. Lakini hawakuishia kwake. Siku hiyohiyo waliuawa Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute. Kikatiba, rais akifa, Spika ndiye anayekaimu. Kwa maneno mengine, wauaji walimwondoa rais, kisha wakaivunja ngazi ambayo mrithi wake angeipanda. Waziri Mkuu, Sylvie Kinigi, alinusurika kwa kukimbilia ubalozi wa Ufaransa. Mauaji yakasambaa mikoani, na maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wakavuka mpaka kuingia kwetu.

Halafu Kigali, mji mkuu wa Rwanda. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, Rais Juvénal Habyarimana alikuwa anarudi kutoka mkutano wa Dar es Salaam, na ndege yake ikadunguliwa ikikaribia uwanja. Mkuu wa majeshi alikuwa ndani yake, naye akafa. Kiti cha rais kitupu, na cha jeshi nacho kitupu. Lakini waziri mkuu alikuwapo, hai: Agathe Uwilingiyimana. Usiku ule Kanali Théoneste Bagosora aliongoza kikao cha maofisa, akakataa kabisa mama huyo atambuliwe kama mwenye mamlaka. Mpango ulikuwa aende redioni asubuhi azungumze na wananchi. Hakufika. Asubuhi ya tarehe 7 aliuawa, na askari kumi wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda wakauawa pia. Siku hiyohiyo akauawa Joseph Kavaruganda, rais wa Mahakama ya Katiba.

Hapo sasa ufa umefunguliwa, na hewa iliyokuwa karibu ikaingia. Mkataba wa amani uliosainiwa hapa Arusha tarehe 4 Agosti 1993 ulikuwa umepanga serikali ya mpito ya kugawana madaraka, lakini serikali hiyo ilikuwa haijaundwa. Waliokuwa na bunduki wakauruka mkataba, wakachomoa Katiba ya 1991, wakamweka Théodore Sindikubwabo kuwa rais na Jean Kambanda kuwa waziri mkuu. Chini ya serikali hiyo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliendelea kwa takriban siku mia moja.

Kuna jambo ambalo kijiweni lilizua ubishi. Ndani ya ndege ileile alikuwamo Rais wa Burundi, Cyprien Ntaryamira, aliyekuwa amepanda lifti tu, na hakuwa na hata miezi mitatu madarakani. Ndege moja, usiku mmoja, marais wawili. Bujumbura safari hii Spika alikuwa hai. Sylvestre Ntibantunganya alijitokeza usiku uleule pamoja na wakuu wa jeshi kuwatuliza watu, akashika urais. Vita vya Burundi havikuisha, viliendelea kwa miaka, na mazungumzo yake yaliletwa hapahapa Arusha mpaka mkataba wa Agosti 2000. Lakini wiki ile Bujumbura haikuwa Kigali. Chalii wa bodaboda akasema ni bahati tu. Mimi nikamwambia ahesabu tena waliobaki hai kila upande.

Kwa hiyo magazeti yanaponiambia chama fulani kina "ombwe la uongozi" kwa sababu mwenyekiti yuko India kwa matibabu, huwa nacheka. Huyo ana makamu, ana katibu, ana mhuri. Hiyo ni nafasi inayokaimiwa.

Kambanda alikamatwa Nairobi mwaka 1997, akaletwa kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa hapa Arusha, mji uleule uliposainiwa mkataba alioukalia. Tarehe 1 Mei 1998, siku ya Mei Mosi, Kambanda alisimama kizimbani akakiri kosa la mauaji ya kimbari, na Septemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha maisha. Kiti chenyewe alikuwa amekikalia tangu Aprili hadi Julai tu.